Hodi Kutoka Ndani

Disketi zilikuwa ishirini. Kavata alizihesabu tena, akizitoa moja moja kwenye mkebe wa biskuti na kuzipanga juu ya kitanda, na bado zilikuwa ishirini, na yeye alikuwa ameweka kumi na tisa.

Ilikuwa Jumapili saa tisa mchana. Nzioka, mume wake, mwalimu wa shule, alikuwa amebaki kanisani kwenye mkutano wa kamati ya ujenzi. Mtoto alikuwa amelala kwenye boksi lake kando ya ukuta, kichwa kimelowa jasho kidogo kwa joto la mabati. Mkebe ulikaa juu ya kabati ya nguo, na hakuna aliyeugusa. Hata Nzioka alijua ule ni mkebe wa kazi.

Ile ya ishirini ilikuwa na kibandiko kama zile zingine. Mwandiko ulikuwa wake, hata ile K yenye mkia ambayo mwalimu wa kidato cha pili alishindwa kumwachisha. Tarehe ilisema 23 Agosti. Hiyo ilikuwa Ijumaa inayokuja.

Akainusa bila kujua kwa nini anainusa. Vumbi la mashine yenye moto, na ubani. Harufu ya kile kichumba cha ofisini.

Nyuma yake Muthoki akaamka. Hakulia. Alikuwa na miezi sita na kila akiamka alilia kwanza ndipo afungue macho, lakini siku hiyo alikuwa anatazama mlangoni, akacheka, akainua mikono miwili juu vile anavyoinua akitaka kubebwa. Mlangoni hapakuwa na mtu.

Kavata alimnyakua, akasimama naye katikati ya nyumba. Na kitu cha kwanza kumjia, na hili ndilo lilimuuma baadaye kila akilikumbuka, hakikuwa woga. Ilikuwa aibu. Kwa sababu alijua zile kumi na tisa hazina kitu ndani.

Ofisi yenyewe ilikuwa katika mji mdogo wa Kabati, nyuma ya duka la Abdow, vyumba viwili na kichumba kimoja kidogo. Walichora mabwawa ya mchanga, zile kuta zinazokatiza mito mikavu ya Kitui na Makueni, mvua ikija mchanga unajaa nyuma ya ukuta na maji yanajificha ndani ya mchanga, na akina mama wanachimba kwa kibuyu badala ya kutembea nusu siku. Walikuwa watatu tu. Bwana Ndolo, mhandisi, mzee wa kanisa, ambaye mito yote aliipima kwa miguu yake. Kiilu, mchoraji, kijana wa Mbooni mwenye mdomo. Na Kavata, kidato cha nne na cheti cha kupiga taipu, aliyeajiriwa kuandika barua, kisha mwaka huo wa tisini na sita wafadhili walipoleta kompyuta akapewa kazi ya kulinda ghala.

Ghala ndilo jina la Bwana Ndolo. Kiilu aliiita seva. Ilikuwa mashine moja kubwa ambayo michoro yote iliishi ndani yake, na kompyuta zile nyingine ziliomba kutoka kwake kama watoto wanaoomba mboga.

"Ghala moja huungua," Bwana Ndolo alimwambia siku ya kwanza. "Kwa hivyo kila Ijumaa saa kumi, Mama Muthoki, unabana michoro yote, unaitia kwenye disketi mbili. Moja inakaa kwenye kabati hapa. Moja unaenda nayo nyumbani. Halafu unazifungua, unaona kama zinasomeka. Kusoma ndiyo nakala. Kisichosomeka ni plastiki tu."

Kisha Kavata anaandika kwenye daftari: tarehe, *Imenakiliwa, imesomeka*, na sahihi.

Kichumba cha mashine kilikuwa zamani cha mama yake Abdow, bibi aliyeitwa Maano, ambaye kila mtu hapo sokoni alimwita Ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Kilikuwa na kuta nene, hakina dirisha, baridi yake ni kama ya chungu. Ayeyo alikitoa kwa masharti mawili. Anayeingia apige hodi, hata kama anajua hakuna mtu, na angoje kidogo. Na wasilaze kitu humo.

"Kitu iko macho, sawa," alisema. "Kitu inalala, hapana."

"Na mashine yetu, Ayeyo?" Kiilu akamuuliza kwa heshima ya kujifanya.

"Inalala hiyo?"

"Hailali. Usiku na mchana inanguruma."

"Basi hao watasikizana."

Kiilu alicheka juma zima. Bwana Ndolo alikohoa na kusema Abdow ni mtu mzuri na nyumba ni nzuri. Lakini hodi wote walipiga, hata yeye, maana hodi haimgharimu mtu kitu.

Sasa, uongo wenyewe ulianza hivi. Kavata alirudi kazini Aprili, mtoto ana miezi miwili. Jirani yake Kalunde alimshika mtoto mchana, lakini Ijumaa saa kumi Kalunde alikuwa na maombi ya akina mama na hakungoja, alimwacha mtoto mlangoni kwa mtu yeyote aliyekuwa karibu. Kunakili na kusoma kulichukua karibu saa nzima. Ijumaa ya kwanza, tarehe kumi na mbili, maziwa yanamvuja mpaka blauzi imelowa, Kavata aliandika daftarini *Imenakiliwa, imesomeka*, akaweka sahihi, akabandika tarehe kwenye disketi mbili tupu, akakimbia. Alisema atazinakili Jumatatu. Jumatatu hakuna aliyeuliza. Ijumaa ya pili ilikuwa rahisi. Ya tano mkono ulikuwa unaandika wenyewe, na Bwana Ndolo alikuwa akipita mbele ya kabati anasema, "Huyu binti ndiye usingizi wetu," na Kavata anatabasamu na kuinamisha uso kwenye taipu.

Basi Jumatatu, kesho yake baada ya kuzihesabu, alibeba mkebe mzima ofisini. Alingoja Kiilu aende chai, akaingiza ile ya ishirini.

Haikuwa tupu. Kulikuwa na mchoro mmoja. Ulijichora polepole kutoka juu, mstari baada ya mstari, vile ile mashine ilivyokuwa, na Kavata alidhani ni bwawa mpaka akaona ni nyumba, vyumba viwili vikitazamwa kutoka juu bila paa, kitanda, kabati ya nguo, meza, na kando ya ukuta mstatili mdogo. Karibu na mstatili, unaugusa kabisa, kulikuwa na kiduara chenye msalaba ndani yake. Hiyo ndiyo alama ambayo wachoraji huweka mahali pa nguzo.

"Umeanza kuchora, Mama Muthoki?" Kiilu alikuwa nyuma yake na kikombe. "Si mbaya. Lakini mlango umeukosea, mama. Mlango hufunguka ndani, huu wako unafunguka nje."

"Ni mazoezi," Kavata akasema.

"Na hii nguzo inashikilia nini? Hapo hakuna ukuta."

Kabati yote na Kitui yote, mlango pekee uliofunguka nje ulikuwa wa nyumba yake, kwa sababu Nzioka aliufunga vibaya walipohamia na akaona haya kumwita fundi.

Kiilu alipoondoka, Kavata aliingiza ya kumi na tisa. Nyumba ileile, nguzo iko katikati ya chumba. Ya kumi na nane, nguzo iko mlangoni. Akaenda nyuma, disketi kwa disketi, harufu ya ubani imempanda kooni, na kila juma alilorudi nyuma ile nguzo ilirudi nyuma pia, uani, kwenye mti wa mpapai, kwenye njia, kwa Kalunde, kwenye barabara ya soko, mpaka ya kumi na moja ambapo ilisimama kwenye mchoro wa ofisi, mbele ya mlango wa kichumba, imetoka tu. Ya tisa ilikuwa tupu. Ya nane tupu. Aliruka ile ya kumi. Hakuthubutu kuiingiza, maana alijua tarehe yake bila kuisoma. Kumi na nne Juni.

Siku hiyo haikuwa ya maziwa. Siku hiyo Kalunde alimleta mtoto ofisini mapema, Ndolo na Kiilu walikuwa wameenda kupima mto kule Ikutha, na kesho yake kulikuwa na harusi ya msichana aliyesoma naye, na wengine wote wa darasa lao walikuwa walimu na manesi, na yeye nywele zake zilikuwa kama za mtu aliyetoka kuchimba mchanga. Mbinya, msusi wa sokoni, alikuwa amemwambia akija saa kumi kamili atamsuka. Muthoki alilala. Boksi kubwa la seva lilikuwa bado kwenye kichumba, safi, limeandikwa vipimo vyake ubavuni, 68 kwa 45, na humo ndani kulikuwa na baridi nzuri. Kavata alitandika leso ndani ya boksi, akamlaza mtoto, hodi hakupiga asije akamwamsha, akafunga mlango wa kichumba, akafunga na wa ofisi, akaenda kusukwa. Alikaa saa mbili.

Aliporudi mtoto alikuwa macho, ametulia, anatazama juu. Alilipenda boksi hata Kavata akaenda nalo nyumbani. Na jioni hiyo Nzioka akamwambia, "Nilipita ofisini kuwachukua, nikagonga, hamkufungua. Lakini nilisikia mtoto anacheka na wewe unamwimbia, nikaona niwaache na kazi yenu."

Kavata alikuwa anapakua githeri. Mwiko ulisimama kidogo tu.

"Eee," akasema. "Ilikuwa mimi. Mashine ina kelele, sikukusikia."

Hayo ndiyo aliyosema. Ilikuwa mimi.

Sasa, juma hili la Agosti, mtoto alianza kupungua, na Kavata akaomba ruhusa kazini akae naye nyumbani. Hakuwa na homa. Aliacha kulia, hivyo tu, na aliacha kunyonya, alishika titi akaliachilia akageuza kichwa kutazama pembeni pa boksi, na huko alikotazama alicheka. Jumanne mchana Nzioka alisimama katikati ya nyumba akasikiliza.

"Kuna nyuki hapa?"

Kavata alikuwa ameisikia tangu asubuhi. Ngurumo ndogo isiyokatika, ile ya feni ya seva. Nyumba yao haikuwa na stima.

"Labda ni kwa Kalunde," akasema.

"Kalunde amefuga nyuki lini?" Nzioka aliinama juu ya boksi. Mtoto alikuwa na jina la mama yake Nzioka, kwa hivyo alimwita vile Mkamba humwita mamake mzazi. "Mwaitu, mbona hunisalimii? Umekasirika na mimi, mwaitu?"

Na Jumatano, saa saba mchana, jua la wazi, kuku uani, Kavata alikuwa nje anaanika nepi, mtoto mgongoni, nyumba ina kufuli na ufunguo uko mfukoni mwake, akasikia mtu akipiga hodi. Hodi ya taratibu, ya mtu mwenye adabu. Aligeuka kutazama njia na njia ilikuwa tupu, na hodi ikapigwa tena, na ndipo akaelewa kwamba haitoki njiani, inatoka ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliofungwa, mtu yuko ndani anaomba ruhusa ya aliye nje, na sauti, Mungu wangu, sauti ilikuwa yake mwenyewe, sauti yake ya kuimbia kwaya. Neno la kujibu lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi, maana tangu utotoni ukisikia hodi mdomo unajibu wenyewe. Alijiziba mdomo kwa nepi mbichi akasimama hivyo hata mikono ikafa ganzi. Mtoto mgongoni alikuwa anacheka.

Alhamisi alienda kwa Ayeyo Maano. Alizungukia nyuma ya duka, leso imefunika uso, asionekane na watu wa kanisa. Bibi alikuwa anafukiza kibuyu cha maziwa. Hakushangaa kumwona. Alimchukua mtoto, akamfungua kope kwa kidole gumba, akamrudisha.

"Nyinyi mlilaza kitu humo ndani," akasema.

"Hapana, Ayeyo."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu hata Kavata akaangalia chini.

"Mimi nimekaa na huyo miaka kumi na mbili. Si mbaya, si mzuri. Yeye anachukua kile watu wanasema. Ukisema kitu iko, na haiko, yeye anakuja kukaa pale penye haiko. Wewe umeandika uongo mle?"

Hapo Kavata alilia, na akamwambia habari za daftari, Ijumaa kumi na tisa, kwa haraka, maneno yanagongana. Alikuwa anaona nafuu kadiri anavyosema. Lakini alipofika katikati aliruka, kama alivyoruka disketi.

"Kila pale uliandika ni mlango," Maano akasema. "Kesho unasimama mbele ya wale uliwadanganya. Na baba ya mtoto awepo. Unasoma moja moja, unasema haikuwa. Usiache hata moja. Ukiacha moja umeacha mlango, na mlango moja inamtosha." Akaweka kaa lingine. "Na akipiga hodi usimjibu. Wewe au mtu mwingine, asijibiwe."

"Akijibiwa?"

"Umemkaribisha. Utamfukuza namna gani mgeni umemkaribisha?" Kisha akauliza, polepole, kama mtu anayepapasa gizani. "Kuna siku ulimpa sauti yako?"

"Hapana," Kavata akasema.

Ijumaa asubuhi, kabla hajajua aanzie wapi, kazi ilianzwa kwa ajili yake. Seva ilikuwa imekufa. Ilikwaruza mara tatu, Kiilu alisema, kama panya kwenye debe, ikanyamaza. Bwana Ndolo alikuwa ameketi mbele ya kioo cheusi, kofia magotini, na hakuwa na wasiwasi wowote.

"Hata hivyo hatujaharibikiwa," alisema alipomwona. "Mafundi wa ukuta wanaanza Jumatatu, kazi yote iko kwenye nakala. Kiilu ameazima mashine pale mission. Mama Muthoki, tufungulie kabati." Ndipo akaona Nzioka nyuma yake amembeba mtoto. "Karibu, mwalimu. Kuna jambo?"

"Ameniomba nije," Nzioka akasema. "Hajaniambia ni nini."

Kavata alichukua daftari. Alitamani kuanza na maziwa na blauzi na Kalunde, lakini alijua akianza hapo hatamaliza, basi akafungua ukurasa akasoma.

"Kumi na mbili Aprili. Imenakiliwa, imesomeka. Haikunakiliwa. Nilidanganya."

Kiilu alicheka, akidhani ni mchezo. Kisha akaacha.

"Kumi na tisa Aprili. Haikunakiliwa. Nilidanganya."

Hakuinua macho. Alisikia kiti cha Bwana Ndolo. Alisoma ya tatu, ya nne, ya tano. Chumbani kulikuwa na ile harufu ya ubani tangu waingie na kila tarehe aliyoisema ikawa inapungua, kama mtu anafungua madirisha. Kwa ya sita mtoto alipiga chafya. Kwa ya nane alianza kunung'unika, na kwa ya tisa, saba Juni, Muthoki alilia, kilio kizima cha mtoto mwenye njaa, cha kwanza tangu Jumapili, na Kavata alihisi maziwa yakishuka hata akataka kupiga magoti.

"Mimi nimekuwa nikikutetea," Kiilu alisema kwa sauti ndogo. "Mkubwa akisema labda mtoto anakushinda, nasema hapana, yule akiandika ameandika."

"Mwache asome," Bwana Ndolo akasema. Alikuwa amevaa kofia ndani ya nyumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Tarehe iliyofuata ilikuwa kumi na nne Juni.

"Hiyo naikumbuka," Nzioka akasema. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa anatafuta mahali pa kumshikia mkewe mbele ya watu. "Hiyo walau alifanya, Bwana Ndolo. Mimi nilipita hapa. Kulikuwa kumefungwa, anafanya kazi, nikamsikia kwa masikio yangu akimwimbia mtoto kule kwenye kichumba. Si ndiyo, Kavata?"

Alimtazama. Uso wa Nzioka ulikuwa unamwomba. Kati ya Ijumaa kumi na tisa alikuwa amempata mke wake katika moja. Na Kavata aliona jinsi itakavyokuwa, aliona akisema, nilimfungia mtoto wako wa miezi minne peke yake kwenye chumba kisicho na dirisha nikaenda kusukwa, na yule uliyemsikia hakuwa mimi, na nilijua hakuwa mimi, nikakaa na hilo tangu Juni nikilala kando yako, na akafikiri mtoto amelia tayari, mtoto anatafuta titi, mlango mmoja ni mdogo, Mungu anaona moyo.

"Ndiyo," akasema. "Hiyo nilinakili."

Akasoma zilizobaki. Alipomaliza alimchukua Muthoki akamnyonyesha pale pale kwenye kiti cha taipu, amewapa mgongo, na mtoto alinyonya kwa nguvu hata akamuumiza, na Kavata alilia kimya, nusu kwa furaha, nusu kwa jambo lingine.

"Basi," Bwana Ndolo akasema mwishowe. Sauti ilikuwa ya mzee kuliko asubuhi. "Tuna moja. Tulete hiyo ya Juni. Kilichokuja baadaye tutakichora upya, hata tukikesha."

Ilikuwa kwenye mkebe, uliobaki ofisini tangu Jumatatu. Kavata alijua itakuwa tupu kama zile za mwanzo, na hapo ukweli utajitoa wenyewe bila yeye kuusema, na alishangaa kuona anautamani. Kiilu aliingiza disketi kwenye mashine ya kuazima. Ikanguruma. Ikaendelea.

"Mkubwa," Kiilu akasema. "Mkubwa, njoo uone."

Michoro yote ilikuwamo. Ile ya Aprili, ya Mei, ya Juni. Kisha ya Julai. Kisha ukuta wa Ikutha ambao Kiilu alimaliza kuuchora jana saa kumi na moja jioni.

"Hii inawezekana aje," Kiilu alisema, "disketi ya Juni," lakini alikuwa anacheka na kujipangusa macho, na Bwana Ndolo alivua kofia. Alikuja mpaka kwenye kiti cha taipu.

"Binti yangu," akasema. "Nilikuwa nimekuhukumu moyoni. Hii moja imetuokoa. Nisamehe."

Hakuna tusi ambalo lingemchoma hivyo. Kavata alifunga blauzi, akampa Nzioka mtoto, ambaye alilia akitaka titi bado, akaenda kutazama, kwa sababu miguu ilimpeleka.

Ukuta wa Ikutha ulikuwa kwenye kioo, mrefu, mnene, unatazamwa kutoka juu. Katikati ya unene wake, ndani ya mawe, kulikuwa na mstatili mdogo. Ndani ya mstatili, kiduara chenye msalaba.

"Hiki kijichumba nilikichora mimi?" Kiilu alikuna kichwa. "Sikumbuki. Sitini na nane kwa arobaini na tano."

"Itakuwa ni cha vali ya maji," Bwana Ndolo akasema, anapangusa miwani. "Kiache. Mafundi watajenga kama kilivyo."

Kavata alifungua mdomo. Alikuwa na Nzioka upande mmoja na mzee upande wa pili, wote wawili wakimtazama kwa wema, na wema ule ulikuwa mzito kama mkono juu ya midomo. Sema, alijiambia. Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa nne asubuhi. Sema sasa.

"Hodi," ikasema sauti kutoka kwenye kichumba.

Ilikuwa ya taratibu, ya mtu mwenye adabu, na ilikuwa sauti ya Kavata, na Kiilu, ambaye macho yake hayakuondoka kwenye kioo, alijibu kama anavyojibu kila mtu aliyelelewa vizuri.

"Karibu, mama. Ingia tu."

Nzioka aliangalia mdomo wa mke wake, ambao ulikuwa wazi na hautoi kitu. Kisha akaangalia mlango wa kichumba. Kisha akamwangalia tena, na Kavata aliona Juni ikipita usoni mwake, siku moja moja.

"Kavata," akasema polepole. "Ile siku. Ilikuwa wewe?"

"Haikuwa mimi," akasema, na ilikuwa kweli, na ilikuwa imechelewa, kwa sababu mlango wa kichumba, ambao siku zote ulifunguka ndani, ulikuwa umeanza kufunguka kwa nje, na mtoto kwenye mikono ya babake aliacha kulia, akacheka, akainua mikono yote miwili juu.